Fundi Anajibu: Sapesheni ya Kitufe kwenye Gari la Zamani, Unaipimaje na Unaigeuzaje kwa Mkono

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa wenye magari ya miaka ya 80 na 90 yenye kile kitufe cha kuchagua sapesheni iwe laini au ngumu, TEMS za Toyota, AAS za Mazda, ECS za Mitsubishi na ndugu zao. Ni mifumo mizuri sana na inasikitisha jinsi inavyong'olewa na kutupwa wakati tatizo lenyewe mara nyingi ni dogo, kwahiyo nimeamua ukurasa wote wa leo uwe wa jambo hilo.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Supra ya 1988 yenye TEMS. Nikibonyeza kitufe taa kwenye dashibodi zinabadilika vizuri tu ila mi sisikii tofauti yoyote, gari inalala kwenye kona na nikikanyaga breki pua inazama. Fundi mmoja kasema ninunue shokapu zote nne, mwingine kasema kompyuta imekufa. Nianzie wapi kabla sijatoa hela?

JIBU: Salama ndugu yangu. Usinunue chochote bado, maana hao wawili wote wamekupa jibu bila kupima na hii kitu inapimika, tena sehemu kubwa ya vipimo hata mita huhitaji.

Kwanza uelewe kilichomo. Shokapu yako ni ya mafuta kama shokapu nyingine yoyote, ila ule mti wake wa katikati una uwazi ndani, na ndani ya huo uwazi imepita rodi nyembamba inayoshuka mpaka kwenye pistoni. Kule chini kuna valvu ya kuzunguka yenye vitundu, rodi ikigeuzwa upande mmoja vitundu vinafunguka mafuta yanapita kirahisi na gari inakuwa laini, ikigeuzwa upande mwingine vinaziba na gari inakuwa ngumu, ni kama koki ya maji tu. Juu kabisa ya shokapu kumekaa kimota kidogo cha umeme na kazi yake ni moja, kugeuza hiyo rodi. Kwahiyo una nusu mbili, juu umeme na chini mafuta, na kosa ambalo watu wengi wanafanya ni kuzichanganya. Zile taa za dashibodi kwenye mifumo mingi ya zama zile zinakwambia kompyuta imepokea ulichobonyeza, hazikwambii kama rodi imegeuka kweli huko chini.

Jambo la pili, uwe na matarajio sahihi. TEMS ya hatua tatu ukiwa Normal inakaa laini, ukiwa Sport inakaa katikati, alafu ile ngumu kabisa inaingia yenyewe pale unapokanyaga breki ukiwa mwendoni, unapokata kona ghafla au unapoondoka kwa nguvu. Yani kitufe chenyewe kinakusogeza hatua moja tu, sio kutoka laini mpaka ngumu. Kuna watu wanalalamika mfumo umekufa kumbe uko mzima, ila walitegemea gari ya mashindano. Lakini wewe umesema pua inazama kwenye breki na gari inalala kwenye kona, na hilo ndo linanifanya niamini kuna kitu, maana pale ndo mfumo ulitakiwa ukaze wenyewe.

Na hapo kabla hujafungua hata bolti moja angalia taa zako za breki zinawaka? Kompyuta inajua umekanyaga breki kupitia swichi ya pedali ya breki, swichi hiyo ikifa pua itazama hata kama vimota vyote vinne ni vipya. Hivyo hivyo inategemea sensa ya mwendo, sensa ya stelingi na sensa ya koo la injini kujua umekanyaga mafuta kiasi gani. Spidomita ikiwa imekufa au inarukaruka, anza kutilia shaka hapo.

Sasa kipimo cha sikio. Tafuta sehemu tulivu, washa ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake ila usipige starta, fungua bonneti, weka kidole juu ya kimota cha mbele kulia na mtu mwingine abonyeze kitufe akirudia rudia Normal, Sport, Normal. Unatakiwa usikie au uhisi mlio mfupi, tik au zzt, kila akibadilisha. Hamia kushoto, alafu nyuma, ila nyuma itabidi utoe vifuniko vya ndani ndo uone juu ya shokapu. Vikiwa kimya vyote vinne usihangaike na vimota, ni vigumu vinne kufa siku moja, nenda kwenye fyuzi, rilei, waya wa ethi na kitufe chenyewe. Kikiwa kimya kimoja, tatizo ni hicho kimota au waya wake. Vikilia vyote, umeme upo na unafika, sasa shuka chini.

Kushuka chini maana yake ni kutoa kimota. Kimeshikwa na bolti ndogo mbili hivi, zifungue ukinyanyue taratibu bila kuvuta waya. Ile nati kubwa ya katikati inayoshika mti wa shokapu usiiguse kabisa, hiyo ndo inazuia springi iliyobanwa, na springi ikiachia hovyo inaweza kukuumiza vibaya sana. Wewe unachotaka ni kimota tu. Kabla hujakitoa piga alama kwa kalamu ya rangi ujue kilikaa uelekeo gani.

Kikiwa mkononi na plagi yake bado imechomekwa, mwenzio abonyeze tena kitufe na wewe uangalie chini ya kimota, kuna kijino chenye mwanya kinachoshika rodi. Kinazunguka? Kinazunguka kikamilifu au kinatetemeka tu na kurudi? Nimeona vimota vingi vinavyolia vizuri kabisa lakini gia ya ndani imelika, sauti ipo kazi haipo.

Alafu ndo ufanye kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Angalia juu ya shokapu utaona ncha ya rodi imejitokeza, imechongwa bapa pembeni. Igeuze kwa vidole au kwa spana ndogo, taratibu, mpaka ifike mwisho wa upande mmoja. Kandamiza kona hiyo ya gari kwa uzito wako, achia, rudia. Geuza mpaka mwisho wa upande wa pili, kandamiza tena. Usihesabu sana gari inanesa mara ngapi, sikiliza mikono yako wakati wa kushuka, kwenye laini mwili unazama haraka na kwenye ngumu unahisi unasukumana na kitu kinachokataa. Tofauti ikiwepo shokapu ipo hai na yule aliyekwambia ununue nne alitaka kukupotezea pesa, shida ipo juu kwenye umeme. Rodi ikigeuka lakini hamna tofauti yoyote, basi valvu ya ndani imechoka au rodi imekatika huko chini. Na kama mti wa shokapu umelowa mafuta yanayotiririka hapo hamna mjadala, shokapu imekwisha hata kama kimota kinafanya kazi kama siku ya kwanza.

Fanya hivyo kona zote nne, andika matokeo kwenye karatasi, ndo uende dukani ukiwa unajua unachotafuta.

SWALI: Kaka fundi, mimi vimota viwili vya mbele vimekufa na kuvipata ni kazi, gari ni ya zamani. Shokapu zenyewe nimeambiwa bado nzima. Naweza kuziweka kwa mkono sehemu moja nikaendelea na maisha?

JIBU: Dada yangu inawezekana, na kwa gari ya matumizi ya kila siku ni suluhisho la heshima kabisa, mi sioni aibu yoyote hapo. Ila kuna utaratibu.

Kanuni ya kwanza kulia na kushoto lazima zilingane. Usije ukaacha kulia laini na kushoto ngumu, gari itakuwa inavuta na kuinama bila mpangilio na siku utakayokwepa kitu ghafla ndo utajuta. Kwahiyo ukiweka za mbele kwa mkono zigeuze zote mbili sehemu ile ile, uhakikishe kwa kukandamiza na sio kwa macho tu.

Kanuni ya pili, chomoa plagi za vimota vya ekseli hiyo. Hapa wengi wanasahau, wanageuza rodi vizuri wanarudishia kimota kilicho nusu hai, wanawasha gari, kimota kinapata nguvu kidogo kinairudisha rodi kilikotaka chenyewe. Na vile vya nyuma ambavyo bado vinafanya kazi fikiria navyo, maana nyuma ikikaza yenyewe kwenye kona huku mbele imebaki laini, tabia ya gari inabadilika katikati ya kona na hicho ni kitu kibaya kuliko gari laini kote. Mi ningekushauri uziweke zote nne kwa mkono mpaka utakapopata vimota.

Unaweka wapi sasa? Usidhani hatua ya katikati lazima iko nusu ya njia kati ya laini na ngumu, kwenye baadhi ya shokapu vitundu havijapangwa kwa mfuatano huo, unaweza kukuta ngumu ndo iko katikati ya mzunguko. Kwahiyo geuza kidogo kidogo, kila unapohisi kijisimamo kandamiza gari, piga alama, endelea. Ukishajua ipi ni ipi chagua ya katikati kwa mbele na nyuma, uendeshe kwanza hivyo. Ngumu kabisa inavutia siku ya kwanza, baada ya hapo barabara mbovu zinakuchosha wewe na bushi na mikono ya sapesheni, na kwenye matuta madogo madogo tairi inakuwa inarukaruka badala ya kushika barabara. Laini kabisa nayo kwenye mwendo mkubwa gari inaelea.

Kupima barabarani tafuta sehemu tupu, upepo wa tairi uwe sawa zote, mzigo ule ule, kipande cha barabara kile kile. Pita polepole kwenye mabonde, alafu kona ya mwendo wa kawaida, alafu breki ya nguvu kiasi ukiwa kwenye mstari ulionyooka. Badilisha hatua moja, rudia. Ukibadilisha na upepo wa tairi siku hiyo hiyo hutajua kilicholeta tofauti ni kipi.

La mwisho usiache ncha ya rodi wazi. Maji na vumbi vikishuka pale kutu inakamata na siku utakayopata vimota rodi haigeuki. Rudishia kimota kilichokufa kama kifuniko, ila kabla hujakibana geuza kijino chake kwanza kifuate uelekeo wa rodi, ukikaza bolti wakati havijalingana unavunja kimoja wapo.

SWALI: Fundi, nina RX-7 ya 1987 yenye AAS. Nina mita na najua kuitumia. Nipime vipi vimota bila kuviunguza?

JIBU: Ukiwa na mita kazi inakuwa tamu. Chomoa plagi ya kimota, weka mita kwenye ohmu, pima kati ya pini za upande wa kimota. Namba sahihi ipo kwenye kitabu cha ufundi cha gari yako na ukikipata kifuate hicho, lakini hata bila kitabu unayo silaha nzuri sana, una vimota vinne kwenye gari moja. Vya mbele vilinganishe vyenyewe kwa vyenyewe na vya nyuma hivyo hivyo. Viwili vikisoma karibu sawa na kingine kikasoma mwanya mtupu, hicho waya wake wa ndani umekatika. Kikisoma karibu na sifuri kimepiga shoti, na hicho usikirudishe kwenye gari maana kinaweza kuua na kompyuta.

Alafu pima upande wa gari. Ufunguo umewashwa, mita kwenye volti, mwenzio anabonyeza kitufe na wewe uko kwenye plagi. Umeme unakuja kwa muda mfupi tu pale inapobadilisha, haukai, kwahiyo mita ya kidijitali ya polepole inaweza isiuone ukadhani hamna. Taa ndogo ya majaribio ya LED inaonyesha vizuri zaidi. Ile ya balbu kubwa iache, inavuta ampea nyingi kuliko inavyopenda kompyuta ya zamani.

Kukipa kimota umeme wa betri moja kwa moja inafanyika, ila kwa masharti. Kimota kiwe kimetolewa kwenye gari na plagi imechomolewa, waya wako uwe na fyuzi ndogo, na unagusa tu, sekunde moja hivi na kuachia. Vimota hivi havikutengenezwa kukaa na umeme, vinafika mwisho vinagonga na ukiendelea kuvipa umeme vinaungua mkononi mwako. Pini za kugusa uzijue kutoka kwenye mchoro wa waya wa gari yako hiyo hiyo, usibahatishe, na usipeleke umeme wa betri kwenye plagi upande wa kompyuta hata kwa bahati mbaya.

Kikiwa kizima kwenye ohmu lakini hakizunguki au kinazunguka kivivu, kuna uwezekano mkubwa ni grisi iliyokauka. Miaka zaidi ya 30 juu ya joto la injini, grisi inakuwa gundi. Kama kimefungwa kwa skrubu kifungue, safisha gia kwa brashi laini na dawa ya kusafishia umeme, paka grisi nyeupe ya gia za plastiki kidogo sana, zungusha kwa mkono mpaka kilegee. Kikiwa kimebanwa kwa ribiti fikiria mara mbili, unaweza kukifungua ukashindwa kukifunga kisiingize maji.

SWALI: Rodi yangu moja haigeuki kabisa, nyingine tatu ziko laini. Nimejaribu kwa vidole nimeshindwa, nitumie plaizi kubwa?

JIBU: Hapana, tafadhali. Rodi nzima inageuka kwa nguvu ya vidole au kaspana kadogo, na ndo maana kimota kidogo vile kinaiweza. Ikigoma ujue kuna kutu juu pale inapotokea, na ukilazimisha kwa plaizi inapinda au inakatika, shokapu ndo imekufa hapo hapo.

Safisha ncha kwa brashi ya meno, dondoshea mafuta ya kulegeza kutu matone machache, acha usiku mzima, rudia kesho yake. Alafu ishike kwa spana inayoienea vizuri, usizungushe upande mmoja, cheza kulia kushoto kidogo kidogo mpaka ianze kusogea yenyewe. Ikianza kusogea endelea kuongeza mafuta na kucheza nayo mpaka ifike mwisho pande zote. Na ujue kimota cha kona hiyo kimekuwa kikipigana na hiyo kutu kwa muda mrefu, kipime vizuri kabla hujakirudisha.

SWALI: Gari yangu ni Lexus LS400 yenye sapesheni ya upepo pamoja na kitufe cha kuchagua ugumu. Maelezo haya haya yananihusu?

JIBU: Nusu yanakuhusu, na ile nusu nyingine ni ya kuwa nayo makini sana. Upande wa ugumu wa shokapu wazo ni lile lile. Lakini kinachobeba uzito wa gari yako ni upepo uliobanwa, sio springi ya chuma, kwahiyo usilegeze paipu yoyote na usiingie chini ya gari kwa kutegemea upepo au jeki peke yake. Kwenye buti kuna swichi ya kuzima mfumo wa kimo, izime kabla ya kunyanyua gari, usipofanya hivyo kompyuta inaona magurudumu yananing'inia inaanza kurekebisha kimo wakati gari iko juu ya jeki. Weka stendi imara. Na kama gari ikilala usiku inaamka kona moja imeshuka, hilo ni suala la upepo unaovuja, vimota vya ugumu havihusiki kabisa, usichanganye mambo mawili.

Wenye Soarer zenye Piezo TEMS na nyie mnisikie. Zile hazina kimota cha kugeuza rodi, zinatumia kipande cha piezo, yani kauri inayotanuka kidogo ikipata umeme, ndani ya shokapu na umeme wake ni volti mia kadhaa, sio 12. Usizichokonoe plagi zake kwa mita wakati ufunguo umewashwa.

SWALI: Fundi mi nilishachoka, nikafunga shokapu za kawaida. Gari inaenda vizuri ila taa ya sapesheni inapepesa muda wote. Nitoe balbu?

JIBU: Pole kwa kuchoka, naelewa. Balbu iache kwanza. Kupepesa maana yake kompyuta inatafuta vimota haivioni, na kwenye magari mengi kupepesa huko ni hesabu ya kosa, ukiangalia mpangilio wa mimweko na kitabu inakwambia kona gani.

Kuna njia mbili safi. Ya kwanza ni kuvichomeka vimota vya zamani, ukavifunga pembeni sehemu kavu vikiwa vinazunguka hewani bila kushika kitu. Kama bado vizima kompyuta inaridhika na taa inatulia. Ya pili ni kuuzima mfumo mzima kwa kuchomoa plagi ya kompyuta yake, lakini hakikisha kompyuta hiyo haihudumii kitu kingine, na fyuzi yake vile vile, kuna fyuzi zinazolisha mambo matatu. Wapo wanaofunga rizista badala ya kimota, inafanya kazi ikiwa imechaguliwa kwa ohmu na wati sahihi, ikiwa ndogo ya wati inapata moto, na mi moto karibu na kapeti za buti siupendi.

Zaidi ya taa, kagua kazi ya waliofunga. Shokapu ya kawaida inaweza kuwa na kichwa tofauti juu na ile ya kimota, kwahiyo angalia nati ya juu imekaa sawa na raba yake, hakuna mchezo wala mlio wa kugonga ukipita kwenye shimo. Hilo lina uzito kuliko taa.

SWALI: Ya kwangu ina shokapu za sumaku, nasikia nazo ni za kubadilika. Nikitoa kifuniko juu sioni rodi ya kugeuza, iko wapi?

JIBU: Haipo ndugu yangu. Hizo za sumaku jina lake maarufu ni MagneRide, ilianza na Cadillac Seville STS ya 2002 na haina valvu ya kuzunguka kabisa. Ndani yake mafuta yamechanganywa na chembe ndogo sana za chuma, kwenye pistoni kuna koili, umeme ukipita chembe zinajipanga na mafuta yanakuwa mazito. Hamna kitu cha kushika kwa mkono. Umeme ukikatika inabaki laini, kwahiyo huwezi kuifunga kwenye ngumu ukaiacha. Unachoweza kupima ni ohmu za koili ukilinganisha kulia na kushoto, uone kama mti umevuja, na usome makosa kwa mashine.

SWALI: Mfumo wangu unafanya kazi vizuri kiangazi, mvua ikinyesha au nikiosha gari unakufa siku mbili alafu unarudi. Vimota nilishabadilisha viwili.

JIBU: Acha kununua vimota. Kitu kinachokufa kwa maji na kufufuka kikikauka ni plagi au waya. Anza na plagi zilizo juu ya shokapu za mbele, zile raba zake za kuzuia maji zikishakakamaa maji yanaingia, ukizifungua utaona unga wa kijani kwenye pini. Safisha kwa dawa ya umeme na brashi ndogo, kausha, hakikisha pini hazijalegea, weka raba mpya au grisi ya umeme kuzunguka mdomo wa plagi.

Za nyuma fuata waya unapopita kwenye buti, hasa kama taa za nyuma zinavuja maji ndani au sakafu ya buti ina unyevu chini ya kapeti. Angalia na bolti za ethi zilizofungwa kwenye bodi, fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza tena. Alafu chukua chupa ya kupulizia maji, ufunguo umewashwa, mwenzio yuko kwenye kitufe, unalowesha plagi moja baada ya nyingine na kusikiliza ule mlio wa kimota. Itakayonyamaza baada ya kulowa ndo yenyewe, na pengine hata vile vimota viwili ulivyovitoa viko vizima, usivitupe kabla hujavipima.